Mgeni Mwenye Masharubu

Kwa wiki tano nzima tangi langu la samaki halikuwa na samaki hata mmoja, na jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye hupita kila Jumatatu asubuhi kuazima pasi, alishindwa kujizuia akaniuliza, "Baba Imani, kwani siku hizi unafuga maji?"

Nilimweleza kwa subira kwamba tangi jipya halitiwi samaki siku hiyo hiyo, kwa sababu kinyesi chao na mabaki ya chakula hutoa amonia inayowaua, hadi wapatikane bakteria wa kuigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha bakteria wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huifurahia kama mbolea. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akachukua pasi yake, na kufikia jioni ploti nzima ilikuwa na habari kwamba ninafuga vijidudu.

Sikujali. Kila kitu nilikuwa nimekifanya kwa utaratibu. Tangi lilikuwa la kioo, sentimita 90 kwa 40 kwa 40, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, nilimwagiza fundi mmoja wa Kibuye anitengenezee meza ya kubeba zaidi ya kilo 150, naye akataka kujua ni nani atakayeilalia. Chini nilitandaza udongo mweusi wa Kano, ule unaovua watu viatu wakati wa masika, na juu yake mchanga wa mtoni nilioosha kwenye karai mara kumi na tisa. Ukutani mwa nyuma nilipanda Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, na Anubias nikaifunga kwenye jiwe kwa uzi, kwa maana shina lake likifukiwa mchangani huoza. Maji ya mfereji niliyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili klorini ipungue. Mke wangu alisema kwamba hata Imani alipozaliwa sikuhangaika hivyo.

Hatimaye wakaja samaki wenyewe: tetra-neoni kumi na wawili, wale wenye mstari wa buluu unaowaka kama taa za matatu, na gapi wanane. Wote ni wapole, hawagusani. Kilichokosekana katika mji wangu wa amani kilikuwa koridora, samaki mdogo wa Amerika Kusini mwenye masharubu, ambaye hutembea chini akiokota makombo. Yeye hupenda kuishi katika kundi la sita au zaidi, lakini Kisumu sikumpata hata mmoja.

Jumapili moja nilikuwa Dunga nikisubiri ngege wa kukaanga, nikamwona kijana mwenye beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na samaki mmoja wa urefu wa kidole, mweusimweusi, mwenye masharubu. Moyo ulinienda mbio.

"Huyu ni mpole?" nilimuuliza.

"Mpole sana, mzee. Hata hang'ati."

Kijana yule hakunidanganya, na mpaka leo sina kinyongo naye. Yule samaki hakuwahi kumng'ata mtu wala samaki. Alikuwa akimeza.

Nililipa shilingi 50 nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Ni kweli kwamba koridora ana vigae vya mfupa ubavuni, safu mbili, kama paa la nyumba, ilhali huyu wangu alikuwa laini kama sabuni iliyolowa. Nikajiambia kwamba bado ni mtoto, vigae vitaota. Ni kweli pia kwamba pezi la mgongoni mwa koridora ni fupi, la pembetatu, na la huyu lilianzia karibu na kichwa likafululiza hadi karibu na mkia. Nililiona hilo vizuri. Nikaliona kuwa ni urembo. Masharubu niliyahesabu nikapata manane, nikamwita mke wangu aje ayaone.

Mchana mgeni alijificha chini ya kifuu cha nazi, na chakula nilichomtupia hakukishughulikia. Nilimsifu mbele ya wageni kwa kutokuwa na pupa. Wakati huohuo nilianza kupata shida ya hesabu: tetra walikuwa kumi na wawili, wakawa tisa, kisha sita. Nilijipa jibu kwamba mimea imestawi, kwa hiyo wanajificha, nikaongeza mimea ili wajifiche vizuri zaidi. Gapi ndio walionichanganya kabisa, kwa sababu gapi huzaa watoto walio hai karibu kila mwezi, na kila nilipohesabu nilikuta idadi yao iko palepale ingawa sura zilikuwa ngeni. Mgeni naye alinenepa. Kufikia mwezi wa nne alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi kifundo cha mkono, kifuu kilimfunika kichwa tu, na bado nilikuwa nikimtafutia wenzake watano.

Ndipo shangazi yangu, ambaye sisi humwita Senge, alipokuja kutoka Budalang'i kwa ajili ya kliniki ya macho. Tulimtandikia godoro sebuleni. Usiku huo stima ilipotea, joto likazidi, nami nikauinua mfuniko wa tangi kidogo, kiasi cha vidole vinne, ili samaki wapate hewa.

Yapata saa tisa usiku nilisikia kishindo, kisha ukelele mmoja mfupi, kisha kimya. Nilitoka chumbani mbio nikiwa na tochi ya simu. Senge alikuwa ameketi wima juu ya godoro, leso imezungushwa kwenye mkono wa kulia, na ndani ya leso hiyo koridora wangu alikuwa ameshikwa barabara nyuma ya kichwa, akitikisa mkia. Kutoka mezani hadi kwenye godoro kulikuwa na mstari wa maji, ishara kwamba alikuwa ameshuka na kutambaa kwa mapezi yake kama mtu anayetafuta choo.

"Mwanangu," Senge alisema kwa utulivu, "mboga yako imetoroka."

"Senge, huyo si mboga. Huyo ni koridora. Kwao ni Amerika Kusini."

Alimgeuza kwenye mwanga wa tochi. Yeye aliyekuja mjini kutazamwa macho.

"Huyu ni kambare," alisema. "Hawa Wajaluo wa hapa humwita mumi. Kwetu huvuka barabara mvua ikinyesha, kwa sababu anaweza kuvuta hewa kama wewe. Weka sufuria."

Nilimwomba tumrudishe ndani hadi asubuhi, tukamrudisha, na mfuniko nikauwekea kamusi mbili juu. Sikulala. Hata hivyo usingizi ulinichukua alfajiri, na nilipoamka nilikuta kamusi zimepangwa vizuri kwenye rafu na Senge yuko jikoni, akimsugua kambare kwa jivu la jiko la makaa ili kuutoa ule utelezi. Alipompasua tumbo aliniita. Juu ya kisahani cha chai aliniwekea gapi mmoja, mzima, mwenye mkia wa rangi ya machungwa.

"Na huyu mdogo," aliuliza, "ulimpa kama chakula cha kununua?"

Nilikwenda sebuleni kuhesabu. Tetra alikuwa mmoja, nyuma ya Anubias, akinitazama kwa jicho moja. Mezani tulikula ugali na kambare wa nyanya na dania, na itabidi nikiri kwamba nilijiongezea. Imani alilia, kisha akaomba kichwa.

Wiki iliyofuata Senge alipiga simu. Macho yanaendelea vizuri. Alitaka kujua kama nimeshamweka mwingine, kwa maana Krismasi anakuja na wajukuu wanne.