Kijerumani Changu Kilivyoniumbua Mlangoni kwa Mfalme

Kosa ni langu, nalisema mapema. Mimi ndiye niliyewaambia watu wa nyumbani Lindi kwamba Kijerumani nimekimaliza. Sikusema najifunza, wala kwamba naendelea vizuri. Nilisema nimekimaliza, kama mtu anavyomaliza sahani ya ubwabwa. Nasomea uuguzi huku Munich, mwaka wa pili sasa, na kila nilipopiga simu nilikuwa nachomeka neno moja la Kijerumani katikati ya mazungumzo, halafu najidai limeniponyoka. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anayasikia yote hayo na kuyaweka akiba. Alipokuja kunitembelea Oktoba, na begi moja la nguo na jingine la korosho, akaniambia usiku uleule wa kwanza: "Sasa mwanangu, utanitembeza. Lugha si unayo?"

Nikasema ninayo.

Alichotaka kukiona kilikuwa kinaning'inia jikoni kwangu, kwenye kalenda: kasri jeupe lenye minara myembamba, limekaa juu ya jabali peke yake. Linaitwa Neuschwanstein. Shangazi hakuhangaika na jina hilo. Aliliita Nyumba ya Kalenda, na mpaka leo ukoo mzima unaliita hivyo.

Tuliondoka siku yangu ya mapumziko, katikati ya wiki. Huku Bavaria kuna tiketi ya siku moja inayokupandisha treni za kawaida jimbo zima, ila siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Kwa hiyo wabana matumizi wote hujazana kwenye treni ya saa tatu na kitu, na sisi tulikuwemo. Shangazi aliingia behewani na salamu yake: "Hamjambo jamani!" Kimya. Watu wameinamia simu. Mzee mmoja tu, mwenye buti za kupandia mlima, aliinua kichwa akajibu, "Grüß Gott."

"Amesemaje?"

"Amekusalimu kwa jina la Mungu. Ndiyo salamu yao huku kusini."

"Kumbe wastaarabu," akasema, akamsogezea mzee wa watu mfuko wa korosho.

Tulipopita Geltendorf nikamwonyesha upande iliko monasteri ya St. Ottilien, walikotoka Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ile ya Ndanda mwaka 1906. Nilitaka ajue kwamba nasoma. Shangazi aligeukia dirishani akatazama malisho na ng'ombe kwa kitambo. Watoto wake wawili kati ya wanne walizaliwa hospitali ya Ndanda. "Yaani waliacha majani yote haya wakaja kuhangaika na mbu wetu," akasema. Historia ikaishia hapo. Kutoka hapo alitaka umbea wa mfalme aliyeijenga Nyumba ya Kalenda.

Umbea ulikuwepo wa kutosha. Mfalme aliitwa Ludwig wa Pili, alitawazwa mwaka 1864 akiwa na miaka 18. Akachumbia, akavunja uchumba mwaka 1867, na hakuoa maisha yake yote. Mwaka 1869 likawekwa jiwe la msingi la kasri hili. Halijaisha, akaanza jingine, Linderhof. Mwaka 1878 akaanza la tatu, kwenye kisiwa katikati ya ziwa Chiemsee, akiigiza lile la Versailles la Ufaransa. Pesa zilikuwa zake mwenyewe, na zilipokwisha, za kukopa. Kufika 1886 alikuwa anadaiwa mark milioni 14.

"Kausha damu," akasema Shangazi. Yeye ni mweka hazina wa kikoba, madeni anayajua kwa harufu.

Nikamweleza kwamba serikali yake mwenyewe ilitafuta madaktari, wakaandika kuwa mfalme ana wazimu bila hata kumpima, akaondolewa. Siku chache baadaye, tarehe 13 Juni 1886, akakutwa amekufa kwenye ziwa la Starnberg, yeye na daktari wake. Na tarehe 1 Agosti mwaka uleule kasri likafunguliwa kwa watu wote, kwa kiingilio.

Shangazi akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Siku arobaini na tisa! Arobaini ya marehemu haijapita hata siku kumi, wameshaanza kukata tiketi! Ukoo huo haukuwa na shangazi?"

Füssen ndio mwisho wa reli, mwendo wa kama saa mbili. Hapo unachukua basi mpaka kijiji cha Hohenschwangau, chini ya mlima, na hapo chini ndipo penye ofisi ya tiketi. Juu mlangoni hawauzi. Unapewa saa yako ya kuingia, unapanda mlima, na saa yako ikipita imepita.

Dada wa kidirishani aliniuliza kwa Kiingereza. Ningejibu kwa Kiingereza, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Shangazi alikuwa amesimama ubavuni kwangu ametega sikio, nami nikajibu kwa Kijerumani, tena kwa sauti ya mtu anayehutubia. Dada akafurahi, akaniachia Kijerumani cha kwao milimani, kimekunjwakunjwa kama chapati ya maji. Nilichodaka ni maneno mawili ya mwisho: "halb zwei".

Halb ni nusu, zwei ni mbili. Mbili na nusu. Saa mbili yao ya mchana ndiyo saa nane yetu, kwa hiyo saa nane na nusu. Hesabu niliipiga papo hapo kichwani, nikamgeukia Shangazi kifua mbele: "Tunaingia saa nane na nusu. Tuna muda mpaka tuuchoke."

Tiketi zenyewe sikuzisoma. Shangazi alishazidaka, akazikunja mara nne, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo. Kikishaingia kwenye pindo lile, hata polisi hawakitoi.

Wapo farasi wanaovuta gari la watalii mpaka karibu na juu. Shangazi aliuliza bei, nikatafsiri, akataja nusu yake. Mwenye farasi akacheka akidhani ni utani. Tukapanda kwa miguu, tukiruka mavi ya wale farasi tuliowasusia, na kwa sababu muda tulikuwa nao tele, Shangazi alipumzika kila palipokuwa na kisiki.

Tukalipita geti la kasri kwa dharau kabisa, tukaenda kwanza darajani. Daraja lenyewe, Marienbrücke, ni la chuma, limevuka korongo kama mita 90 juu ya maji. Sakafu yake ni mbao, na kati ya ubao na ubao kuna uwazi wa kutosha kukuonyesha utakapofia. Shangazi aliweka mguu mmoja, akaurudisha. Akafikiri. Akavua viatu, kama anaingia msikitini, akanikabidhi. "Mguu mtupu hautelezi," akasema, akaanza kuvuka na soksi zake za zambarau, Ayatul Kursiy mdomoni, hatua moja, ubao mmoja. Nyuma yake foleni ya watalii ikajifunga, wamenyamaza kama wako mazikoni. Mmoja alimpiga picha. Nadhani wote walimpiga picha.

Katikati ya daraja akafumbua macho. Kasri lote lilikuwa mbele yake, jeupe, msitu umeshika rangi ya manjano na nyekundu kulizunguka, na nyuma yake tambarare na maziwa mpaka macho yanapoishia. Akatazama weee. Nikangoja aseme neno.

"Halina baraza," akasema. "Nyumba yote ile, jioni watu wanakaa wapi?"

Nikampiga picha hapo. Picha hiyo ninayo, ameshika vyuma kwa mikono miwili, na simu imeandika muda pembeni: 13:31. Kumbuka namba hiyo.

Tulikula ubwabwa wetu wa hotipoti kwenye benchi pale msituni. Nikamwambia kwamba kasri lile lilipangiwa vyumba zaidi ya 200, na mfalme anakufa, baada ya miaka 17 ya ujenzi, vilikuwa vimeisha kama 15. Na ule ukuta mweupe ni jiwe la nje tu, ndani ni matofali.

"Baba yako ana mwaka wa kumi na tisa na nyumba yake," akasema Shangazi. "Nondo zimechomoza mpaka ndege wanazitambua. Naye ukimwuliza, anasema amebakiza kidogo." Akachukua kijiko cha mwisho. "Huyu angalau aliezeka."

Saa nane na dakika ishirini na tano tulikuwa mlangoni. Nilijisikia Mjerumani kamili, dakika tano kabla ya muda. Pale kuna vyuma vya kuzunguka kama vya kuingilia kivuko cha Kigamboni, na juu yake namba zinazotaja kundi gani liingie. Shangazi akaanza kufungua pindo. Ikatoka dawa ya presha. Ikatoka noti ya elfu kumi ya Tanzania. Ikatoka korosho moja, akaila. Mwisho zikatoka tiketi, zimelowa jasho, nikazinyoosha kwenye paja na kuziweka kwenye mashine.

Tiiit. Taa nyekundu.

Nikaweka tena. Tiiit. Kijana wa mlangoni akasogea, akazichukua, akasoma, akanitazama kwa ile huruma wanayowapa wagonjwa wa usahaulifu kule wodini kwangu. Akasema maneno mengi, na safari hii, kwa bahati mbaya, niliyaelewa yote. Mjerumani akisema "nusu mbili" hana maana ya mbili na nusu. Anamaanisha saa mbili bado haijafika, ndiyo kwanza iko nusu njiani. Halb zwei ni saa saba na nusu mchana. Wodini sikuwahi kupotea kwa sababu ratiba ya zamu inaandikwa kwa tarakimu. Miaka miwili nimekaa nchi hii nikiwa nimepishana na saa zao kwa dakika sitini na sijui.

"Amesemaje?" Shangazi akauliza.

"Anasema... kuna mabadiliko kidogo ya muda."

Kijana, naye Mungu anamwona, akaamua kusaidia. Akamgeuzia Shangazi tiketi na kumwekea kidole kwenye namba. Shangazi hajui Kijerumani, lakini vitabu vya kikoba amevishika miaka kumi na miwili. Akashusha miwani.

"Kumi na tatu na thelathini. Hii si saa saba na nusu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe ulisema?"

"Nane na nusu, Shangazi."

Akaikunja tiketi taratibu. "Hicho Kijerumani," akasema, "ulikimaliza lini?"

Foleni nyuma yetu haikuelewa neno, lakini ilielewa sauti. Kuna sauti ya shangazi ambayo haihitaji mkalimani.

Hakukata tamaa upesi. Alimpa kijana korosho, kijana akakataa kwa adabu, masikio yamemwiva. Akamwonyesha dawa ya presha. Akaniamuru nimwambie kwamba waliojenga hospitali yake ya Ndanda walitoka hukuhuku, kwa hiyo sisi ni kama jamaa. Hilo nililitafsiri, kwa woga, na kijana akalisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tiketi mpya zinauzwa chini kijijini, na kwamba za leo, anavyojua, zimekwisha.

Tukapiga picha uani, maana uani hakuna kiingilio. Shangazi mlangoni. Shangazi na mnara. Shangazi ameegemea ukuta kama mwenye nyumba. Tukateremka bila kuzungumza, nimebeba hotipoti tupu, na njiani ndipo aliponifichulia tatizo lake: tangu asubuhi alishawatangazia wanachama wote wa kikoba, na grupu la ukoo, kwamba leo anaingia Nyumba ya Kalenda.

"Kwa hiyo tumeingia," akasema.

"Shangazi..."

"Wewe unataka nieleze kwa nini hatukuingia?"

Nikanyamaza.

Kwenye treni alirekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nilikaa naye kiti kimoja nikisikiliza tulivyoingia. Alikuwa na kipeperushi mkononi na vingine nilishamsimulia mwenyewe, kwa hiyo mengi yalikuwa kweli: taa ya chumba cha enzi iliyotengenezwa kwa umbo la taji, uzito wake kilo 900; sakafu ya vijiwe vyenye picha za wanyama; kitanda cha mfalme ambacho uchongaji wa chumba chake uliwachukua mafundi 14 zaidi ya miaka minne. Mjomba, mwalimu mstaafu, akauliza picha za ndani ziko wapi. Shangazi akajibu kwamba ndani ni marufuku kupiga picha. Hiyo ni kweli tupu, ni marufuku, na nikaanza kuamini tutasalimika.

Halafu akanogewa. "Na kiti cha enzi," akasema kwenye simu, "dhahabu kuanzia chini mpaka juu, nimekisogelea hivi, mkono wangu umekigusa."

Nilimkanyaga mguu, nimechelewa. Kitu kimoja sikuwahi kumwambia: mfalme alikufa kabla kiti hakijatengenezwa. Chumba cha enzi kipo, ngazi za marumaru zipo, na juu yake hakuna kitu mpaka leo.

Tulikuwa tumekaribia Buchloe simu ilipolia. Binamu yangu wa kidato cha tatu, wale watoto wenye bando la usiku na mchana, ameandika kwenye grupu: "Shangazi shikamoo. Mbona naona intaneti inasema chumba hicho hakina kiti?"

Watu ishirini na sita wakaonekana wamesoma. Hakuna aliyejibu. Nikamtazama Shangazi, Shangazi akatazama nje, kiza kimeshaingia. Kisha akashusha miwani, akashika simu kwa mikono miwili, akaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja:

"Kiko kwa fundi. Kasema kesho."