Sola ya mkopo na fundi aliyesahaulika

Sola vijijini Kenya ikisifiwa, wengi huanzia 2012, kampuni ya M-KOPA ilipoingia sokoni na sola ya mkopo unaolipwa kwa M-Pesa. Mimi huanzia 1984. Mwaka huo mhandisi Mmarekani, Harold Burris, alifunga paneli katika Shule ya Sekondari ya Karamugi Harambee, Meru, iliyokuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu wa kujitolea shuleni hapo, Mark Hankins, ndiye aliyewashawishi wakuu wake. Kazi kubwa ya Burris, kwa maoni yangu, haikuwa zile paneli. Aliwafunza mafundi wa huko huko, na walimu na wakulima wa kahawa wakaanza kujinunulia sola.

Ila walinunua taslimu. Anayeishi kwa kibarua aliachwa nje, na wengine walikusanya vifaa kidogo kidogo: paneli ya wati 12 leo, betri ya gari baadaye, chombo cha kuilinda betri labda kamwe. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiikamua kila usiku hadi iishe, inakufa mapema.

Lipa mdogo mdogo ya kina M-KOPA iliziba mwanya huo. Unaweka amana, kisha unalipa kidogo kila siku (miaka ya 2010 ilikuwa kama shilingi 50), pesa ambazo awali zilikwenda kwa mafuta taa. Kampuni nayo inataka taa ziwake, kwani zikiharibika mteja ataacha kulipa. Hapo naikubali kabisa.

Lakini piga hesabu: kwa shilingi 50 kwa siku, mwaka mmoja ulikuwa shilingi 18,250 bila amana, kwa taa chache, redio na kuchaji simu. Mtoto akiugua na malipo yakikwama, laini ya simu iliyomo ndani ya kisanduku kinachoendesha mfumo huzima taa hata kama betri imejaa. Na deni likiisha, ile sababu ya kampuni kukujali huisha pia, huku fundi wa kijijini akiwa hana vipuri vya kisanduku hicho.

Kanuni za sola za Kenya za 2012 zilimtaka fundi wa sola awe na leseni. Sawa, lakini leseni bila vipuri itamsaidia nani? Mkopo ubaki, ila bei ya betri mbadala iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, na betri yenyewe iuzwe madukani kwa fundi yeyote mwenye leseni.