Hela ya greda ipo, hela ya mpima haipo

Ukutani sebuleni kwa shangazi yangu, bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, kuna mistari mitatu ya matope ya mafuriko. Wa juu kabisa unanifika kifuani, huo ni wa Desemba 2011. Wa magotini ni wa Aprili 2014. Wa tatu umekaa katikati ya hiyo miwili, Aprili 2018. Niliporudi likizo nikamwambia ninunue kopo la rangi tupake, akacheka: "Mwanangu, mto utapaka tena, hela yako weka." Friji yake imekaa juu ya matofali manne, kitanda juu ya matatu. Mlangoni kuna kizingiti cha zege ambacho mgeni asiyekijua lazima ajikwae. Nje, kwenye ukuta wa mbele, ile alama ya X nyekundu ya miaka ile ya bomoabomoa bado inasomeka, ingawa jua limeifubaza. Nyumba za jirani zilivunjwa, ya kwake haikufikiwa. Kwa nini haikufikiwa hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuuliza.

Mimi naishi Kent, jimbo la Washington, lile la Seattle, upande wa magharibi kabisa wa Marekani. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba na mimi nakaa bondeni hawaamini, wanadhani bonde ni la maskini. Ghala ninalofanyia kazi lipo kandokando ya mto unaoitwa Green River, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa mashamba ya mboga na kila baada ya muda ilifunikwa na maji. Wakajenga bwawa huko juu milimani mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji yakatulia, na baada ya hapo mashamba yakageuka maghala na viwanda. Halafu Januari 2009 mvua kubwa ilinyesha, likaonekana tatizo kwenye ukingo mmoja wa bwawa: maji yanapenya. Mzee mmoja kazini ananisimulia jinsi walivyopanga magunia makubwa ya mchanga juu ya kingo za mto, maili baada ya maili, wakawa wanaendesha magari kupita pembeni ya ukuta wa magunia kwa miaka kadhaa mpaka bwawa likarekebishwa. Kwa hiyo nisije nikaambiwa kwamba wenzetu wamejenga mahali salama. Wamejenga kwenye njia ya maji kama sisi, na maghala yao ni ya mabilioni.

Kilichonifanya niandike ni mkutano mmoja wa mpango wa mji. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na chakula, niseme ukweli. Kulikuwa na ramani kubwa imetandazwa mezani na vibandiko vya rangi, unabandika pale unapotaka nyumba, pale unapotaka miti, pale ambapo mvua ikinyesha maji yanakaa. Mfanyakazi wa mji, kijana tu, akawa anaeleza kwa nini wanatuuliza. Ndipo nikajua kwamba hawakuwa wanatuuliza kwa hisani.

Jimbo lina sheria ya mwaka 1990 ya kusimamia ukuaji. Kaunti nyingi na miji iliyomo lazima ziwe na mpango wa miaka 20: nyumba zitajengwa wapi, barabara na maji vitafikaje, msitu na shamba visiguswe wapi. Mpango unarudiwa kila baada ya miaka kadhaa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye sheria. Sisi wa upande huu tarehe yetu ilikuwa 31 Desemba 2024. Mwaka 2021 wakaongeza kifungu ambacho mimi nakiona ndicho cha maana kuliko vyote: jimbo, kupitia Idara yake ya Biashara (jina lisikupoteze, ndiyo inayoshughulikia halmashauri), linaipa kila kaunti hesabu ya nyumba zinazohitajika, zimegawanywa kwa kipato. Ngapi za mtu mwenye uwezo, ngapi za mwalimu, ngapi za mtu wa chini kabisa ambaye kipato chake hakifiki asilimia 30 ya kipato cha kati. Kaunti inazigawia miji yake. Kent iliangukiwa na nyumba 10,200 hadi mwaka 2044. Mji hauwezi kusema "tutaangalia". Lazima uonyeshe kwenye ramani zitakaa wapi.

Kisha jimbo linaleta hela. Kuna ruzuku ya kuandika mpango, ruzuku ya kubadili kanuni za ujenzi, na tangu 2023 ruzuku ya kuandika sura ya tabianchi, maana sheria ya mwaka huo inazitaka halmashauri zieleze zitakavyohimili mafuriko, moto wa msitu na joto. Wanaleta pia miongozo, mifano ya kanuni zilizokwisha kuandikwa, na mtu wa kupigiwa simu. Kuna vimiji huku vyenye watu elfu mbili na ofisa mipango mmoja ambaye siku nyingine ndiye anayepokea malipo ya maji. Pasipo msaada huo wangeandika nini? Na hela ya sura ya tabianchi inatoka kwa makampuni yenye kuchafua hewa, yanayonunua vibali kwenye mnada wa jimbo. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama sheria hiyo ya vibali ifutwe kwa sababu inapandisha bei ya mafuta. Wakakataa, tena kwa kura nyingi.

Joto nililiona mwenyewe. Tarehe 28 Juni 2021 hapa kwetu ilifika nyuzi 42. Mimi mtoto wa Dar, joto halinitishi, lakini nyumba za huku zimejengwa kubana joto ndani, na nyingi hazina kiyoyozi. Tulilala ndani ya gari, injini inanguruma, mimi, mke wangu na mtoto, kwenye maegesho yaliyojaa familia nyingine zinazofanya hivyohivyo. Watu zaidi ya 100 walikufa katika jimbo lote. Kwa hiyo kijana yule aliposema "tabianchi" mezani pale hakuna aliyedhani anasoma hotuba.

Sasa nisiwapambe. Mezani kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, amesikiliza mkalimani mpaka mwisho, akanyanyua mkono: "Ni muzuri. Lakini kodi ya nyumba itashuka siku gani?" Kijana akajibu maneno mengi. Mama akanigeukia, "Hajajibu." Na kweli hakujibu. Mpango hauvunji bei. Mimi nalipa zaidi ya dola 2,000 kwa vyumba viwili, na kuna watu wanafanya kazi na mimi zamu ya usiku ambao wanalala kwenye magari, si kwa sababu ya joto. Mwaka 2023 jimbo liliilazimisha miji mikubwa kuruhusu nyumba nne kwenye kiwanja kimoja cha makazi, na mwaka 2025 waliweka kikomo cha mwenye nyumba kupandisha kodi, isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Yote hayo yamekuja miaka zaidi ya 30 baada ya sheria ya kwanza. Miaka yote hiyo mitaa ya wenye nacho ilikuwa inajaza mikutano kuzuia ghorofa lisijengwe karibu yao. Ubinafsi una pasipoti ya kila nchi.

Lakini kuna kitu kimoja wanacho ambacho nakililia. Mji ukiandika mpango mbovu, mwananchi ana siku 60 za kuupinga kwenye bodi maalumu, na bodi inaweza kuurudisha. Ukikaidi, gavana anaweza kuzuia baadhi ya fedha zake. Yaani mpango una meno.

Kwetu mipango hatujakosa. Nani kasema tumekosa? Dar ilikuwa na mpango kabambe wa 1979, na ukaendelea kutajwa miongo mingi huku mji ukijengwa nje yake, mpaka ulipoandaliwa mwingine wa 2016 hadi 2036. Sheria ya Mipango Miji tunayo ya 2007. Wataalamu tunao, wengine wamesoma na mimi, hodari kweli. Kinachokosekana ni bajeti ya afisa mipango miji kufika shambani kabla ya dalali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Hao hawakusubiri. Kila mmoja alipata kiwanja kwa mtu, wakaandikishana mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akapiga mhuri na kuchukua chake, wakapiga hatua kwa miguu, ishirini kwa ishirini, wakapanda mti wa mpaka. Afisa anakuja miaka 15 baadaye kurasimisha, yaani kupanga na kupima kilichokwisha kujengwa. Barabara apitishe wapi? Mtaro je?

Na halmashauri inarasimisha kwa hela gani? Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo chakula cha serikali za mitaa, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Shangazi akinunua umeme analipa kodi ya jengo ambalo serikali hiyohiyo imeliandika X. Nilimpigia hesabu hiyo kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wanajua nipo."

Tumewahi kufanya vizuri, ndiyo maana nakasirika. Mwaka 2002 ulianza ule mradi wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Buyuni. Hazina ilikopesha, viwanja vikapimwa na kuuzwa, hela ikarudi. Ulikuwa na kasoro, maana vingi vilikwenda kwa wenye nazo na vingine vikakaa vichaka kwa miaka, lakini pita leo Mbweni uone barabara zimenyooka. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilijaribu tena: shilingi bilioni 50 za mkopo usio na riba kwa halmashauri, zipange, zipime, zimilikishe. Wazo zuri sana. Baadaye tukaanza kusikia waziri anazidai halmashauri marejesho. Mimi nauliza kama ilikuwa sahihi uwe mkopo tu. Kupima bonde ili watu wasijenge hakuuzi kiwanja. Mtaro hauuzwi. Eneo la wazi la watoto kuchezea haliuzwi. Ukimkopesha mkurugenzi wa halmashauri hela ya kupanga na kumwambia airudishe, atapanga pale panapouzika tu, na kwa mtu wa hali ya shangazi hatafika.

Hela yenyewe ipo, hutokea. Ilitokea ya magreda ya kuvunja nyumba za bondeni mwishoni mwa 2015. Ilitokea ya kuwahamishia Mabwepande walioathirika na mafuriko ya 2011, mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda Kariakoo kuuza ilikula faida yote na wengine wakarudi bondeni kimyakimya. Ilitokea ya kujenga karakana ya mabasi ya mwendokasi hapohapo bondeni, Jangwani, na mvua ikaja ikayakuta mabasi yamejipanga. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kupanua mto, daraja jipya la Jangwani, fidia kwa wanaohama, bustani ya mji. Naunga mkono, asilimia mia. Safari hii watu wanalipwa badala ya kuvunjiwa. Lakini hebu fikiria sehemu ndogo tu ya hela hiyo ingetoka miaka ya 1980, ikalipa vijana kumi wenye kamba na bikoni za mipaka wasimame kingo za Msimbazi na kusema hapa mwisho.

Najua nitaambiwa: wewe umekwenda ukashiba, sasa unatufundisha. Sawa. Basi nijiseme na mimi, maana sisi tulio nje tumo humo. Hela tunazotuma ndizo zinazosimamisha kuta hizo. Nimetuma ya tofali, ya nondo, ya bati la msauzi. Katika miaka kumi na moja sijawahi kutuma hata shilingi ya mpima, na hakuna ndugu aliyewahi kuniomba.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu kanitumia picha za kiwanja amepata huko nje ya mji. Ishirini kwa thelathini, bei ya kutupa, na muuzaji ana haraka. Mwembe mzuri mbele. Picha ya nne inaonyesha nyuma ya kiwanja, majani yamelala yote upande mmoja na mchanga umejipanga kwa mistari. Nikamuuliza, hapo nyuma ni nini? "Kijito tu kaka, kiangazi hakina maji." Kimepimwa? "Mpima atakuja tukishajenga, kila mtu huku anafanya hivyo. Wewe tuma milioni mbili tumuwahi mwenyewe."

Nikamwandikia kwamba nitatuma, ila ya mpima kwanza, na aende ardhi halmashauri aulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji. Tiki mbili za bluu tangu Jumanne.