Eti Nithibitishe Kwamba Mimi Ni Mimi

Hivi mnajua kwamba mimi sijulikani? Watoto wangu wananijua. Wanaonidai wananijua hata nikivaa kofia nikageukia ukutani. Akaunti yangu ya barua pepe ndiyo haijawahi kuniona.

Nimefungua kwa kompyuta nyingine, basi, hiyo tu. Maandishi mekundu yakatokea: "Tumegundua jaribio la kuingia lisilo la kawaida." Lisilo la kawaida! Mtu mwenye jina langu na nywila yangu, saa ileile ninayoingia kila siku, anataka kusoma barua zangu. Kweli huyo ni wa kuogopwa.

Wakasema wametuma namba ya siri kwenye anwani yangu ya akiba. Nikaenda huko. Nayo anwani ya akiba ikaona kompyuta ngeni, ikasema hainitambui, kwa hiyo imetuma namba ya siri kwenye anwani yangu ya kwanza. Zinatumiana namba zenyewe kwa zenyewe, mimi niko nje nimeshika kipanya.

Nikajaribu njia nyingine, nikaletewa picha. "Bofya miraba yote yenye taa za barabarani." Rahisi, mpaka ufike kwenye mraba wenye nguzo tupu. Nguzo ni taa, si taa? Hapo hata mahakama ya rufaa ingeomba muda. Nikaibofya, wakaniletea pikipiki. Na kumbuka, anayenisahihisha mtihani wa kuthibitisha kwamba mimi si mashine ni mashine.

Ukurasa wa msaada nao upo, usidhani haupo. Una fomu inayouliza uliifungua akaunti mwezi gani, mwaka gani. Mimi hata mwezi niliooa huwa nakumbushwa. Nikabahatisha, nikashuka mpaka chini kabisa: "Weka anwani ya barua pepe tutakayokujibu." Nilikaa kimya pale kwa muda.

Kilichoniokoa ni simu kuukuu iliyopasuka kioo, ambayo akaunti ilikuwa haijatoka ndani yake. Ikauliza: "Ni wewe?" Nikabonyeza "Ndiyo." Wakakubali! Saa nzima ya mahojiano, kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo moja.

Lakini sasa, kwa usalama wangu, nibadilishe nywila. Iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama moja katika zile ambazo huzioni mpaka upekue kibodi nzima. Amri hizi hazikushuka mbinguni. Mwaka 2003 Bill Burr, mfanyakazi wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, aliandika mwongozo ulioshauri mambo hayo, tena watu wawe wanabadilisha nywila mara kwa mara. Watu tukafanya nini? Tuliweka herufi kubwa mwanzoni, 1 mwishoni na alama ya mshangao kufunga kazi. Siku ya kubadilisha, 1 ikawa 2. Mwaka 2017 mzee wa watu, akiwa ameshastaafu, alisema anajutia mengi ya aliyoyaandika, na taasisi yenyewe ikaandika mwongozo mpya unaokataa kuwalazimisha watu kubadilisha nywila bila sababu. Habari hizo bado ziko njiani, hazijafika kwenye akaunti yangu. Labda zimeangukia kwenye kasha la taka.

Maana huko ndiko vitu vya maana vinakoishi. Barua ya kuniita kwenye usaili wa kazi niliikuta humo, tarehe imeshapita, imelazwa kati ya dawa ya upara na mjane tajiri anayetafuta mrithi mwaminifu. Na mjane mwenzake je? Yuko kwenye kikasha changu cha mbele, juu kabisa, ananiita "mpendwa." Huyo hakuulizwa namba ya siri wala kuonyeshwa pikipiki. Ni mlinzi gani huyu anayempekua mwenye nyumba na kumpigia saluti mwizi?

Ukitaka kujitoa kwenye matangazo, ndiyo utajua. Kujiunga ni kufumba na kufumbua. Wakati mwingine umenunua soksi tu, tayari wewe ni mwanafamilia. Kutoka, wanakuambia ombi lako litashughulikiwa ndani ya siku 10 za kazi. Sheria ya Marekani inawaruhusu muda huo. Siku 10, kufuta jina moja! Na katika hizo 10 wanakuletea barua za kukuuliza kwa nini unaondoka.

Basi, nimeingia, niko ndani, nina nywila nisiyoweza kuitamka. Nilitaka nini? Kutuma faili moja la kazi. Kikomo cha viambatisho megabaiti 25, langu ni 22. Nikalipandisha, ule mstari ukatambaa mpaka mwisho, halafu: "Faili ni kubwa mno." Nikachunguza. Kumbe barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi tu, kwa hiyo hata leo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na kikigeuzwa huvimba kwa karibu theluthi. Faili langu lilipofika mlangoni lilikuwa lishanenepa kuliko mlango. Sasa kwa nini wasiandike kikomo ni 18, tukaelewana mapema?

Nikalikata vipande viwili, nikavipa namba, nikaandika na salamu rasmi, "Rejea mazungumzo yetu," yote. Nikatuma. Baada ya muda simu ikaita, bosi.

"Mbona kimya? Sijaona kitu."

"Nimetuma, bosi. Hebu cheki kwenye taka."

"Ah, mambo ya taka siyajui mimi. Nirushie tu WhatsApp."