Deiwaka, mzigo na saa 45

Bosi wa delivari akidaiwa mshahara mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi Tanzania, ana utetezi mmoja mzuri kuliko yote: "Sikumwajiri. Ana pikipiki yake, ananibebea mzigo, namlipa kwa safari."

Utetezi huo si wa kuchekwa. Kijana wa Sinza hubeba nguo za duka la Kariakoo asubuhi, jioni akapeleka chipsi kuku Mikocheni kwa mtu mwingine, na akichoka humwachia chombo deiwaka, yaani mtu wa kumshikia kazi kwa siku. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema wasambazaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula, hawamo katika uhusiano wa ajira, na uzito mkubwa ukawekwa kwenye ruhusa yao ya kumtuma mwingine. Tena wapo wanaotoweka na mzigo, simu imezimwa, hasara akabaki nayo mwenye duka.

Ila kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakijali mkataba umekuita nani. Kinakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja tu: unaelekezwa kazi, unapangiwa saa, umepewa vifaa, au umemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa mwezi, jamani! Saa 45 za wiki ni ukomo wa kazi ya kawaida. Hizi ni nyingine. Anayeripoti saa mbili asubuhi na kuachiwa saa kumi na mbili jioni huzimaliza siku ya tano. Anayekimbizana na oda za chakula saa mbili tu kila usiku, mwezi wa siku 30 humkuta na saa 60. Maana yake yule wa Sinza anaweza kuzivuka saa 45 kwa mabosi wake wote wawili, na wao ndio watakaohangaika kukanusha.

Na deiwaka? Jaribu kumkabidhi mtu begi lenye fedha za wateja bila kumwambia bosi, uone simu zitakavyoita. Kundi la WhatsApp lenye "uko wapi, mteja analalamika" saa zote ni ushahidi wa nani anamwelekeza nani. Mwajiri akishindwa kuonyesha masharti ya kazi kwa maandishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Kinachowaangusha vijana hawa ni kalenda. Aliyefukuzwa ana siku 30 za kupinga. Madai ya mshahara yana siku 60 tangu mgogoro uzuke. Bosi akishasema "vumilia, mwisho wa mwezi tutakaa sawa" mara mbili, siku hizo zimekwisha, na kijana anaingia Tume akijieleza kwa nini kachelewa kabla hajaulizwa anadai kiasi gani.