Damu Ilikwenda, Majibu Hayajarudi

Shangazi yangu wa Likoni ana karatasi aliyoikunja mara nne, kaiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu. Ni nakala ya fomu ya ridhaa. Miaka sita iliyopita mjukuu wake alitolewa damu ya utafiti, vijiko viwili vya chai kama fomu ilivyosema, wakaahidiwa kwamba matokeo yataletwa mtaani. Kila nikienda kumuamkia huniuliza, "Mwanangu, wale watu waligundua nini?" Sina la kumjibu.

Watu wa mradi wakikataliwa mtaani, husema tatizo ni uvumi. Uvumi upo kweli, na Pwani una mizizi mirefu. Wazee wetu walimhofu mumiani, anayesemekana kunyonya watu damu akatengenezee dawa, na mtoto aliyelelewa na habari hizo hawezi kuliona gari geni lenye masanduku ya barafu bila kushtuka. Lakini hofu nyingine tumepewa mchana kweupe. Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumzia kwenye televisheni kuijaribu chanjo ya kifua kikuu barani Afrika dhidi ya korona. Klipu ile ilizunguka simu zote hapa. Huwezi kumwita mjinga mama aliyeiona akamficha mwanawe.

Watafiti nao wana hoja nzito. Kituo cha KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, kipo Kilifi, jirani zetu, tangu 1989. Wazazi wa huko walikubali watoto wao waingizwe katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Wangekataa wote, chanjo ingejaribiwa kwa watoto wa mahali pengine, nasi tungebaki kukisia kama inawafaa wa kwetu. Kituo hicho pia kina wawakilishi wa jamii, wanavijiji wanaokutana na watafiti na kuwafikishia maswali ya wenzao. Mpango huo naupenda. Ila mwakilishi akishazoeleka kupanda gari la mradi na kupewa nauli, majirani huanza kumuona mtu wa mradi, na maswali makali humpita pembeni.

Kisha kuna jambo linalonisumbua zaidi: hiyo "jamii" ni nani? Februari 2010 umati ulivamia kituo cha utafiti wa Ukimwi huko Mtwapa kwa sababu kilihudumia wanaume wanaolala na wanaume wenzao. Waliovamia walikuwa jamii, na waliokuwa ndani wakitafuta matibabu walikuwa jamii vilevile. Baadaye watafiti waliketi na mashekhe na wachungaji, na nadhani walifanya sawa, kwa kuwa mganga asiyejulikana na majirani hana wa kumtetea siku ya vurugu. Hata hivyo baraza la mtaa halina haki ya kumfungia mgonjwa mlango. Imani ya walio wengi ikinunuliwa kwa kuwaacha wachache, mimi siihesabu kuwa imani.

Wengine hutaka fidia wanayopewa wanaoshiriki utafiti iongezwe. Nauli na siku ya kibarua iliyopotea zilipwe, hilo halina ubishi. Pesa zikizidi hapo, mwenye njaa hukosa nafasi ya kukataa.

Najua matokeo huchukua miaka, na mengine hayaruhusiwi kutangazwa kabla jaribio halijafungwa. Basi warudi kusema hivyo: tumefika hapa, damu yenu imehifadhiwa mahali fulani, bado mwaka mmoja. Hata "hatukupata kitu" ni jibu. Fedha za safari hiyo ziwekwe kwenye bajeti siku ile ile zinapowekwa za sindano, na kamati ya maadili isiidhinishe mradi usiokuwa nazo. Nambari ya simu iliyo chini ya karatasi ya shangazi niliipiga mwenyewe mwezi uliopita. Haipatikani.