Kofia za Siku ya Wakaguzi

Jamani, mafunzo gani haya ya usalama? Asubuhi tunapangwa mstari hapa saiti ya ujenzi Namanve, Uganda, mtu anatusomea karatasi: vaeni glavu, vaeni buti, vaeni kofia. Glavu ziko wapi? Stoo. Ufunguo? Anao bosi. Bosi? Yuko Entebbe! Kofia zinatoka wakija wakaguzi tu, na yangu mkanda umekatika. Nikiinama, inatumbukia kwenye zege. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa, sisi tunakatwa mshahara. Halafu eti tia sahihi kwamba umefundishwa. Kufundishwa nini, kusimama? Mafundi wenzangu, kwenu vipi? Na lile jukwaa la miti ya mikaratusi, linaloshikwa na misumari miwili na sala, mbona halimo kwenye karatasi?